Mvinyo upo, basi hakuna

Hivi ni nani aliyewaambia watu wa Langhe kwamba kila mgeni anayependa mvinyo anakuja na gari mfukoni? Nauliza kwa sababu kule nilimuuliza kila niliyekutana naye, kwa Kiingereza cha kuunga, Kiitaliano cha kuokoteza na vidole vyote kumi, na jibu lilikuwa moja: kodi gari. Mhudumu wa hoteli, kodi gari. Dada wa ofisi ya utalii, kodi gari. Hata shemeji yangu anayeishi Torino, mtu aliyekula mahari ya dada yake akanenepa, na ambaye kwa haki kabisa alitakiwa awe upande wangu: "Shemeji, kodini tu gari."

Naomba tufikiri pamoja, taratibu. Langhe ni vilima vya mkoa wa Piemonte, kusini mwa Torino, na sifa yao kubwa duniani ni mvinyo mwekundu, Barolo na Barbaresco. Barolo kisheria haishuki chini ya asilimia 13 ya kilevi, na lebo nyingi nilizosoma ziliandikwa 14 na nusu. Ukiingia ghala moja unamiminiwa glasi nne au tano. Upande wa pili, sheria ya Italia inasema dereva asizidi gramu 0.5 za kilevi kwenye lita moja ya damu, na mwenye leseni isiyofikisha miaka mitatu asiwe nacho hata chembe. Kwa maneno mengine, umealikwa kunywa mahali ambapo ili ufike inabidi ufanye jambo ambalo ukishakunywa umekatazwa kulifanya. Aliyepanga mambo haya ama hanywi, ama ana dereva.

Najua wana dawa yao. Kuna ndoo ya kutemea. Unavuta mvinyo mdomoni, unausukutua, unatazama dari kwa uso wa mtu mwenye mawazo mazito, halafu unautema mbele za watu. Mimi nililelewa na bibi aliyekuwa akinichapa kwa kutema uji. Sitaanza leo kutema kitu kilichokaa miezi 38 kikisubiri kinywa changu. Ndiyo, miezi 38, hiyo ndiyo sheria ya Barolo kabla haijauzwa, na 18 kati ya hiyo lazima iwe ndani ya mbao. Ile wanayoiita Riserva inakaa 62. Watu wana subira ya kusubiri chupa miaka mitatu na zaidi, lakini dereva wa basi lao hawezi kunisubiri nivuke barabara.

Kuhusu gari lenyewe, sababu zangu ni za mtu mwenye akili timamu. Nimeendesha maisha yangu yote upande wa kushoto, kule wanaendesha kulia. Leseni yetu peke yake haiwatoshi, wanataka na kibali cha kimataifa. Ukishakipata, mwenye gari anataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, si hii kadi ya kawaida ya kutolea mshahara. Ukishaipata hiyo nayo, miji yao ya kale ina maeneo yasiyoingiwa na magari ya wageni, yanalindwa na kamera badala ya askari, na kamera haisikilizi maelezo. Unarudi nyumbani, unasahau safari, halafu miezi kadhaa baadaye faini inabisha hodi. Nchi ambayo faini yake inavuka bahari na basi lake halivuki kilima, mimi naitazama kwa mashaka.

Basi tukaenda bila gari, mimi na mama watoto, mwisho wa Oktoba.

Treni sina ugomvi nayo. Kutoka Torino unapita Bra unafika Alba kwa saa moja na kitu, nauli haiumi, viti havigombaniwi. Bra ndiko lilikoanzia lile kundi la watu wa chakula cha polepole, Slow Food, na Alba ndiko kilikozaliwa kiwanda cha Nutella, kwa hiyo kuna nyakati mji mzima unanukia chokoleti. Mke wangu alishuka stesheni akavuta pumzi, akatangaza kwamba amefika. Nikamwambia hatujafika, tumefika mwisho wa reli, na hayo ni mambo mawili.

Maana tatizo la Langhe ni kwamba reli iko bondeni na vijiji viko vileleni. Watu wa kale walijenga juu ili wamwone adui anakuja. Walifanikiwa kupita kiasi, kwa sababu hadi leo mtu asiye na gari hafiki. Barolo yenyewe iko kilomita kama 15 tu kutoka Alba, na ungedhani kitu kilichoko kilomita 15 kutoka mjini, kinachojulikana New York na Tokyo, ambacho mwaka 2014 UNESCO ilikiweka kwenye urithi wa dunia pamoja na vilima vyake, kitakuwa na konda anayening'inia mlangoni akiita "Barolo, Barolo, wawili wa kukaa!"

Kuna kibao. Kibao kiko kwenye nguzo, na kwenye kibao kuna karatasi, na kwenye karatasi kuna ratiba iliyoandikwa kwa herufi za saizi ya chawa. Nilivaa miwani. Kila saa ya basi ina alama pembeni, na kila alama ina maelezo chini. Basi hili ni la siku za kazi, ambazo kwao Jumamosi nayo imo. Lile ni la siku za shule tu. Lile jingine ni la siku za kazi ambazo shule imefungwa. Jumapili na sikukuu, yaani siku ambazo binadamu wa kawaida huwa na nafasi ya kwenda kuonja mvinyo, safu nzima ni nyeupe. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa kituoni na kikapu, mdomo wangu ukataka kumwamkia shikamoo nikauzuia, nikamwonyesha karatasi. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akainua mabega hadi masikioni. Pale nikaelewa kwamba si tatizo la lugha.

Kisha kuna suala la tiketi. Usidhani unampa dereva hela, anakupa chenji iliyokunjwa, mnaagana. Tiketi inauzwa kwenye duka la tumbaku, lile lenye kibao cha herufi T, au kibanda cha magazeti. Mimi sivuti sigara na gazeti lao siwezi kulisoma, lakini ili nipande basi lazima niwaunge mkono wote wawili. Na duka la tumbaku, kwa miji ile, linafungwa mchana kwa chakula na mapumziko. Basi letu lilikuwa la mchana. Mke wangu, ambaye huwa ananiambia napenda kulalamika, alisimama mbele ya mlango ule wa chuma ulioshushwa akasema neno moja la Kihaya ambalo sitaliandika hapa. Tulimkuta mwenye kibanda cha magazeti akiwa anafunga. Alituuzia tiketi kupitia upenyo, uso wake umeshaenda kula.

Ukishapanda, tiketi unaitumbukiza kwenye mashine iigonge muhuri. Usipofanya hivyo, tiketi uliyoilipia inahesabika hujailipia. Sina la kuongeza.

Basi lilijaa wanafunzi. Ni lao hilo, wala siwalaumu; sisi ndio tuliodandia. Barabara ya kupanda La Morra imejikunja kama utumbo wa mbuzi, dereva anaijua kwa moyo na anaiendesha kwa hasira, na kila kona wanafunzi wanaegemea upande bila kuacha kuandika kwenye simu zao. Mwalimu mmoja wa makamo alituuliza tunakwenda wapi. Tulipomwambia kuonja mvinyo, aliuliza kwa upole kama gari letu limeharibika.

La Morra iko juu kabisa, zaidi ya mita 500, na mbele ya uwanja wake kuna ukingo wa kutazamia. Hapo ukitazama chini, kama ukungu umekuruhusu, unaona vilima vyote vimechanwa kwa mistari ya mizabibu, na juu ya kila kilima ngome au kanisa: Castiglione Falletto kule, Serralunga kule, Barolo imejificha chini kwenye bakuli lake. Majani mwezi ule yameshageuka manjano na mekundu. Ni pazuri. Nasema mara moja ili nisisumbuliwe tena.

Kutoka pale tulishuka kwa miguu hadi Barolo. Hili ndilo jambo pekee ambalo wenye gari hawalijui, na kwa kinyongo nilikuwa nimekusudia nisiwaambie: njia za miguu zipo, zina alama, zinapita katikati ya mizabibu, na kutoka La Morra ni mteremko. Kilomita tano, sita. Mtu yeyote anayekwenda sokoni kwa miguu anaziweza. Anayekwenda kinyume, kutoka Barolo kupanda La Morra, huyo ni shauri yake na magoti yake.

Sasa tope. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa Langhe si udongo wa mchezo. Ni ule mweupe-kijivu, mchanganyiko wa mfinyanzi na chokaa, na ndio huo wataalamu wanaozungumza juu yake kwa sauti za ibadani: upande wa La Morra na Barolo ni wa umri fulani, unatoa mvinyo laini unaojifungua mapema, upande wa Serralunga ni wa zamani zaidi, unatoa mvinyo mkali unaotaka miaka. Mimi niliufahamu kwa kuubeba. Baada ya mita mia mbili kila kiatu changu kilikuwa na uzito wa kilo na kimo cha kisigino cha bibi harusi. Unajikwangua kwenye jiwe, unapiga hatua tatu, umerudi pale pale. Eneo zima la Barolo limegawanywa na kupewa majina rasmi 181, kila kilima na jina lake linaloruhusiwa kuandikwa kwenye chupa, na naamini nilitoka na sampuli za majina yasiyopungua matano.

Njiani, kwenye shamba la Brunate, kuna kikanisa kilichopakwa rangi zote alizonazo muuza rangi: nyekundu, buluu, manjano, kijani. Kilijengwa mwaka 1914 na hakikuwahi kuwekwa wakfu. Wakulima walikuwa wanajikinga humo mvua ikiwakuta shambani. Mwaka 1999 wachoraji Sol LeWitt na David Tremlett wakakipaka, mmoja nje, mwingine ndani. Mke wangu alikipenda sana. Alinipiga picha pale, nimesimama kwenye mlango wa buluu na viatu vyangu vya tope, na kuituma kwenye kundi la familia kabla sijapata nafasi ya kukataa. Jibu la kwanza likatoka Torino: "Gari mmeliacha wapi shemeji?"

Kwenye ghala la mvinyo tulikuwa na miadi ya saa tisa na nusu. Miadi hii ni kitu kingine. Huwezi kupita tu na kubisha hodi; unaandika barua pepe wiki kadhaa kabla, wanakupa saa, na saa hiyo kamwe haihusiani na saa ya basi lolote linalotembea juu ya ardhi ya Piemonte. Tulifika mapema. Dada mwenyeji alitupokea vizuri, akatutazama viatu, akatuletea magazeti ya kukanyagia. Hapo nikampenda. Kisha akauliza swali wanalouliza wote, ili ajue nani ammiminie kidogo: leo nani anaendesha? Nikamwambia hakuna anayeendesha, tumekuja kwa basi na miguu. Aliacha kumimina. Akamwita mwenzake kutoka chumba cha ndani aje atuone.

Kwa haki niseme kwamba alitulipa. Mtu asiyeendesha anamiminiwa kwa mkono mwingine kabisa. Tukapewa kutoka chupa ambazo hazikuwa kwenye orodha, tukaelezwa zabibu ya Nebbiolo inavyochelewa kuiva hadi Oktoba, ukungu ukiwa umeshatanda. Tukaonyeshwa mapipa makubwa unayoweza kumlaza ndani shemeji na familia yake. Nikamweleza yule dada kwamba kwetu Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Alidhani namtania. Mke wangu akathibitisha. Nikaongeza kwamba siku hizi Dodoma yenyewe unakwenda kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, na ukishuka stesheni unamkuta kijana wa bodaboda ameshakupokonya begi, anakuuliza unakwenda Makutupora au Hombolo. Dada akasema inavutia sana. Nikamwambia ndicho ninachowaeleza wenzake tangu asubuhi.

Tukanunua chupa, kwa sababu huwezi kunywa vya watu ukaondoka mikono mitupu. Chupa sita kwenye boksi. Nilisema tununue mbili. Sita.

Basi la mwisho la kurudi Alba lilikuwa kwenye ratiba. Niliisoma, mke wangu aliisoma, yule dada aliisoma akasema ndiyo lipo. Tulisimama kwenye kibao na boksi letu. Wakati wake ukafika, ukapita. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ngome ya Barolo yenye makumbusho ya mvinyo ikayeyuka kuanzia mnarani kushuka chini. Hakuna taarifa, hakuna namba ya kupiga inayopokelewa. Teksi, kule, haisimamishwi njiani kwa kupunga mkono. Unaipigia, ikikubali, inakufuata kutoka mjini, na hesabu yake inaanza pale inapotoka, si pale unapopanda. Mzee wa baa alitupigia. Akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja, akatutajia bei. Mke wangu akatazama boksi, akazidisha kichwani, akasema kwa bei hiyo tungeongeza chupa nyingine.

Na ndipo nilipoiona. Ilitokea kwenye ukungu, taa moja, matairi matatu, mlio ule ule ninaoujua tangu Mwananyamala. Bajaji! Nikapunga mikono yote miwili. Maana mimi najua historia yake: kampuni ya Piaggio ya Italia ndiyo iliyotoa kigari cha matairi matatu kinachoitwa Ape mwaka 1948, na Bajaj wa India wakaja kuanza kwa leseni ya Piaggio hao hao. Yaani chombo kinachonitoa mimi kituoni kila siku kinipeleke mlangoni kwangu, asili yake ni watu hawa. Wamekibuni wenyewe, wakakituma duniani kikaokoe mamilioni, halafu wao nyumbani kwao wanabebea masanduku ya zabibu.

Mzee aliyekuwa anaendesha akasimama. Alikuwa na kofia ya sufu na mashine yake ina kiti kimoja tu mbele, cha kwake, na nyuma karai la mizigo. Baa nzima ilitoka nje kutafsiri. Tukaambiwa kuna mama mwenye vyumba vya kulala wageni juu ya mgahawa wake, kilomita mbili hivi mbele. Nikamwonyesha mzee karai la nyuma, na kwa ishara nikamweleza kwamba kwetu hapo wanakaa watu wanne na mbuzi. Akatikisa kichwa. Watu hapana, polisi. Akafikiri. Kisha akashuka, akachukua boksi letu kwa mikono miwili, akalilaza kwenye karai juu ya gunia, akalifunika na turubai, akalifunga kamba.

Kwa hiyo mvinyo ulipanda bajaji, na sisi tulioulipia tukaufuata kwa miguu, pembeni ya barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, tukimulika kwa simu. Mzee aliendesha polepole kutusubiri. Kila akipunguza mwendo tulimsikia anaimba.

Mama wa mgahawa alitupa tajarin, tambi nyembamba za manjano zinazokandwa kwa viini vya mayai badala ya maji, na chumba chenye blanketi nzito. Bei ya Oktoba, maana ni msimu wa ule uyoga mweupe unaonuswa na mbwa ardhini, na watu wanaoufuata huwa hawaulizi bei. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo halipo kwenye ratiba wala kwenye ushauri wa shemeji: asiye na gari asilale mjini akaenda kijijini kunywa. Alale kijijini. Apande ngazi tu. Nilikunywa glasi zangu kwa raha ambayo wenye magari waliokuwa meza ya jirani, wakibishana kwa Kijerumani nani ameshakunywa ngapi, hawakuwa nayo.

Baiskeli ya umeme? Mama aliitaja, anakodisha. Lakini Italia mlevi wa baiskeli naye ni mlevi mbele ya sheria, nilishauliza.

Mpango wa kesho yake ulikuwa Neive, upande wa Barbaresco. Neive ina treni. Mwaka 2012 mkoa ulisimamisha treni kwenye njia 12 kwa mpigo, na ile ya Alba kwenda Asti inayopita Neive ilikaa miaka zaidi ya kumi bila treni, ikarudishwa 2023. Stesheni, bila shaka, iko chini na mji wa kale uko juu, lakini ni treni. Mke wangu alikuwa ameshanunua tiketi kwenye simu. Asubuhi, tukiwa kwenye kahawa, mama akaja na uso wa msiba. Ni Ijumaa, akasema, na Ijumaa hii kuna mgomo. Treni zenye uhakika ni za saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, halafu tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Nikatazama saa ya ukutani. Saa tatu kasorobo, na Alba iko kilomita kumi na ushee.

"Baba watoto," akasema mke wangu, "usianze."

Sikuwa nimeanza. Nilikuwa namuuliza tu mama kama anamfahamu yule mzee wa bajaji, na kama leo anakwenda upande wa Alba, na kama sheria ile ya polisi inahusu pia mtu aliyelala chini ya turubai.